Piza ya Napoli Mtwara: katikati kuwa laini vile ni sawa, au tanuri halijashika moto?

Mkazi_Shangani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mtwara kuchele. Naomba mwongozo wa watu wanaoijua kwa undani piza ya mtindo wa Napoli, ule mji wa Italia.

Mtaani kuna mkahawa mdogo wenye tanuri la kuni. Piza zao zina upana wa sentimita 30 hivi, ukingo umevimba na una madoa meusi, katikati nyembamba na laini kiasi kwamba ukiinua kipande ncha inalala. Kuna wateja wanaosema haijaiva, na kuna wanaosifu. Menyu ni fupi: Margherita, Marinara, ya kamba, ya pweza, na moja ya nyama ya ng'ombe.

Jumamosi jioni tutakuwa sita mezani. Wawili ni wazee wetu, waliozoea mkate ulioiva mpaka ukakauka. Wa saba hatakuja, atapelekewa yake Mikindani. Ninachotaka kujua: ule ulaini ni sahihi au ni kasoro, na mtu aliyekaa mezani atautambuaje? Tuagizeje kwa watu sita? Na hiyo ya pweza au kamba inafaa kweli kwenye tanuri la namna hii?

Fundi_Tanuri

Mkuu, ulaini ni sahihi, ila maji ni kasoro. Malalamiko mengi yanachanganya hivyo viwili.

Piza ya Napoli ina masharti yaliyoandikwa. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984, kinataka sakafu ya tanuri iwe na joto la nyuzi 380 hadi 430 za Selsiasi, kuba, yaani dari la tanuri, lifike karibu nyuzi 485, na piza ikae humo sekunde 60 hadi 90 tu. Umoja wa Ulaya nao uliisajili mwaka 2010 kama chakula cha jadi: kipenyo kisizidi sentimita 35, katikati iwe na unene wa takribani milimita 4, ukingo sentimita 1 hadi 2, na piza nzima iwe laini na ya kukunjika. Kwa sekunde chache hivyo, maji yaliyomo ndani ya unga hayapati muda wa kutoka yote. Ncha kulala ndiyo maumbile yake. Anayetaka kipande kinachosimama kikavu anataka piza ya aina nyingine, inayookwa dakika 6 hadi 10 kwa nyuzi 280 au 300. Nayo ni chakula kizuri, ila kipimo cha ile kisitumike kuhukumu hii.

Sasa tuje kwenye kasoro. Piza ikifika mezani, kabla ya kuikata inua ukingo kwa uma uchungulie chini. Unatafuta rangi ya dhahabu yenye vidoa vya kahawia vilivyotawanyika mpaka karibu na katikati. Kama chini ni nyeupe kabisa huku juu kumeungua, sakafu ilikuwa baridi kuliko kuba. Hilo hutokea kwa njia mbili: moto umewashwa karibuni, kuba likapata joto la miali kabla matofali ya chini hayajashiba, au mpishi ameoka piza nyingi mfululizo palepale, na kila piza mbichi inanyonya joto la matofali iliyolala. Mpishi mzuri huhamisha sehemu, au hutandaza makaa juu ya sakafu dakika chache kisha huyafagia. Kama chini ni nyeusi na ina uchungu, mara nyingi kilichoungua ni unga mkavu wa kunyunyizia uliobaki chini. Ulipaswa kukung'utwa kabla piza haijapanda kwenye sepetu, lile koleo la kuiingizia motoni.

Kisha kata mstari mmoja kupita katikati, usubiri sekunde kumi. Rojo ya nyanya na mafuta ikibaki mahali pake, basi uko salama. Ukiona maji mepesi yanakimbilia kwenye mkato na kutanda sahanini, kuna jambo limeharibika jikoni, na mara nyingi ni jibini. Mozarela mbichi imejaa maji. Inatakiwa ikatwe vipande vya unene wa kidole, ikae kwenye chujio ndani ya friji saa tatu au nne, au usiku kucha. Huku kusini jibini husafiri mbali, nyingine hutoka Njombe na Iringa. Ikigandishwa na kuyeyuka njiani huachia maji mengi zaidi, kwa hiyo muda wa kuchuja hauna njia ya mkato. Kiasi nacho kina mpaka: gramu 80 hadi 100 kwa Margherita moja. Anayeomba jibini ya ziada anaomba bwawa.

Nyanya ndiyo sababu ya pili. Kinachohitajika ni gramu 60 hadi 80, yaani kama vijiko vinne vya chakula. Napoli hutumia nyanya ndefu za kopo zisizo na maganda, maarufu ni San Marzano, zinavunjwa kwa mkono na kutiwa chumvi bila kupikwa. Mpishi wa hapa akitumia nyanya mbichi za sokoni, achague ndefu zenye nyama nyingi, azikune, azitie chumvi, azining'inize kwenye kitambaa nusu saa maji yachuruzike. Ile nyanya nzito ya kopo dogo ikilegezwa kwa maji haifai, utamu wake unafunika kila kitu. Sababu ya tatu ni kusubiri: piza iliyokwisha kupakwa nyanya ikalala mezani dakika tano, unga unakunywa, na hata tanuri kali haliwezi kuuokoa.

Utazame pia mkato kwa pembeni. Chini ya nyanya kuna utando mwembamba unaong'aa, huo ni wa kawaida. Ukiwa mnene, wa kijivu na unanata kwenye meno, hiyo ni mbichi. Irudishe bila ugomvi, sema tu "chini haijashika rangi". Mpishi anayejua kazi ataelewa palepale na atapika nyingine, kwa sababu hiyo haiokolewi kwa kurudishwa motoni.

Kuhusu madoa meusi: yawe madogo na yaliyotawanyika kama ya chui. Doa moja pana upande mmoja ni piza ambayo haikuzungushwa, moto umeilamba ubavu.

Jambo la mwisho, chagua saa. Tanuri la kuni linataka saa mbili au zaidi za moto kabla ya piza ya kwanza. Ukiliona kutoka mezani, angalia kuba kwa ndani: likiwa na masizi meusi bado, joto halijafika. Likishapata joto la kutosha masizi huungua yenyewe na kuba hurudi jeupe. Agizeni wakati huo.

Bi_Ligula

Ndugu Mkazi, kwa watu sita agizeni piza nne kwa awamu mbili. Msiagize sita kwa mpigo.

Tanuri la mkahawa mdogo hubeba mbili au tatu kwa wakati mmoja. Mkiagiza sita, ama zitatoka kwa kupishana na za kwanza zitapoa huku mkiwasubiri wenzenu, ama jiko litazibana na kila moja itaiva nusu. Piza hii ina dakika kumi za uhai. Baada ya hapo mvuke uliomo kwenye ukingo unageuka maji, ukingo unakuwa wa kutafuna, na jibini inakuwa raba. Kwa hiyo mbili zije, mle wote sita vipande, zikiisha ndipo mbili nyingine ziingie motoni. Mwambieni mhudumu mapema: "mbili sasa, mbili tukiita." Kama bado kuna njaa, ongezeni ya tano, unga uliochachushwa vizuri hauchoshi tumbo, watu hula zaidi ya wanavyodhani.

Awamu ya kwanza iwe Margherita na Marinara. Margherita ina nyanya, jibini, majani ya mrehani na mafuta ya zeituni tu, kwa hiyo haina pa kuficha kasoro. Ikiwa nzuri, waamini na zile nyingine. Ikiwa mbaya, hakuna pweza atakayeiponya.

Kwa wazee wetu, Marinara ndiyo yao. Haina jibini kabisa: nyanya gramu 70 hadi 100, kitunguu saumu punje moja iliyokatwa nyembamba, oregano, mafuta. Bila jibini maji yanapungua na chini inakauka zaidi. Ombeni ikae motoni sekunde 20 au 30 za ziada karibu na mlango wa tanuri, mbali na miali. Itakuwa na mgongo kidogo bila kuungua. Wakitaka jibini, Margherita yenye nusu ya jibini. Na waelezeni kabla haijafika mezani kwamba ulaini ni wa makusudi, maana mzee akishasema "mbichi hii" mbele ya wajukuu harudi nyuma.

Kula: kisu na uma ni adabu ya kawaida hata Napoli kwenyewe. Ya mtaani kule hukunjwa mara mbili ikawa robo, ikashikwa kwa karatasi. Mikono safi inafaa pia, mradi ukunje ncha kuelekea ukingo kwanza ili rojo isikumwagikie. Napoli huletwa nzima bila kukatwa, na nawashauri muombe hivyo hivyo. Ikikatwa jikoni, rojo inapenya kwenye mikato na kulowesha chini wakati mhudumu anatembea.

Kuhusu ya nyama, ulizeni ni nyama ipi. Kama ni ya kusaga, iwe imekaangwa na kuchujwa mafuta kabla, kwa sababu sekunde 90 haziivishi nyama ya kusaga. Na kama jikoni kuna nyama ya nguruwe kwa wateja wengine, ulizeni iwapo sepetu, kisu cha duara na meza ya kutandazia ni tofauti. Ni swali la haki, mkahawa wowote wa pwani unapaswa kuwa na jibu lake tayari. Wenye kujali zaidi waulize na kimeng'enya kilichogandisha maziwa ya jibini ni cha mnyama gani au cha mimea.

Mkazi_Shangani

Nashukuru sana, Bi Ligula, na wewe Fundi. Nimeyaandika pembeni. Bado natafuta jibu la pweza na kamba. Na jingine: nimesikia huku kwetu kuna wanaowashia tanuri kwa maganda ya korosho kwa kuwa ni mengi na yanawaka sana. Je, yanafaa kwa chakula?

Fundi_Tanuri

Maganda ya korosho hapana, hata kidogo. Yana mafuta makali yenye kuchubua ngozi, wabanguaji wanayajua vizuri, na moshi wake unawasha macho na koo. Kwenye tanuri la piza moshi na chakula vipo chumba kimoja. Hayo ni ya matanuri ya viwandani, ambako moto na chakula havikutani.

Kuni za piza ziwe za mti mgumu, kavu kabisa, zilizopasuliwa vipande vya unene wa mkono ili zitoe miali. Miali inayotambaa juu ya kuba ndiyo inayoivisha juu ya piza, makaa peke yake hayatoshi. Kuni mbichi hutoa moshi na mvuke, joto la kuba linashuka, na piza inatoka ya kijivu. Zisiwe na rangi, misumari wala dawa ya mbao. Mikoko inawaka vizuri lakini kuikata bila kibali ni kosa, na mkahawa unaojiheshimu hauiingizi jikoni.

Mpwani_Msangamkuu

Nijibu la bahari. Ndiyo, vinafaa, tena Mtwara tuna bahati hiyo, ila sekunde 90 ndizo zinazopanga kila kitu.

Pweza haivi ndani ya muda huo. Anachemshwa kwanza kwa moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima kwa wa kilo moja na nusu hivi, mpaka kisu kiingie kwenye shina la mkono wake, pale penye unene, bila kusukumwa. Anapoa ndani ya maji yake, anafutwa, anakatwa vipande vya nusu sentimita, anapakwa mafuta ya zeituni. Ndipo anapanda juu ya piza, na tanuri linamkaanga kingo tu. Akija mgumu kama mpira, alichemshwa haraka kwa moto mkali, au alikatwa moto akapoteza maji yake. Akija amekauka kama kamba ya katani, hakupakwa mafuta.

Kamba wadogo waliomenywa na kupasuliwa mgongo wakalala bapa wanaiva kwa sekunde 90 kama tanuri liko kwenye joto lake. Wakubwa hawaivi. Hao huchomwa kwanza kwenye kikaango kikavu, dakika moja kila upande, na kuwekwa juu piza ikishatoka. Dalili mezani: nyama nyeupe isiyopenya mwanga kama kioo, iliyojikunja nusu duara. Aliyejikunja akawa duara kamili amezidishwa moto. Mwenye kioo katikati arudi jikoni. Mpishi lazima awakaushe kwa kitambaa kabla; kamba waliotoka kwenye barafu wana maji, na maji yale yanashuka moja kwa moja kwenye unga.

Maoni yangu ya dhati: bahari na mozarela nyingi haviendi pamoja. Ombeni ya pweza ijengwe juu ya Marinara, yaani nyanya, kitunguu saumu, mafuta, bila jibini, halafu ndimu na pilipili juu ikishatoka. Utamu wa pweza unasikika. Juu ya jibini nzito anakuwa kitu cha kutafuna tu.

Siku nayo ina maana. Pweza wa mwambani hupatikana zaidi maji ya bamvua, bahari inapotoka mbali na wavuvi wakatembea kwenye miamba. Hiyo ni mara mbili kwa mwezi, mwezi mpya na mwezi mpevu. Maji mafu yakiwapo, anayeuzwa huenda ametoka kwenye friza. Si vibaya, kugandishwa kunamlainisha pweza, ila ulizeni mjue mnalipia nini. Na msimu wa kusi ukiwa mkali vyombo vingi havitoki, msishangae mkiambiwa kamba hakuna. Mkahawa unaosema "leo hakuna" mwaminini zaidi.

Mkandaji_Chuno

Nawasoma na nakubaliana na mengi, ila kwa hali yetu ya hewa mimi naanza na donge kabla ya tanuri. Joto la nyuzi 30 jikoni ndilo linaloharibu piza nyingi za huku, na mlaji anaweza kuliona.

Masharti ya Napoli kwa lita 1 ya maji ni unga kilo 1.6 hadi 1.8, chumvi gramu 40 hadi 60, na hamira mbichi gramu 0.1 hadi 3. Hakuna sukari, hakuna mafuta, hakuna maziwa. Donge moja gramu 200 hadi 280, na la sentimita 30 liwe kama 250. Linachachuka saa 8 au zaidi, kwa joto la chumba la nyuzi 23 hadi 25. Hapo ndipo Mtwara inapotofautiana. Kwa nyuzi 30 hamira inakimbia karibu maradufu. Mpishi akifuata kipimo cha kitabu, au akitia kijiko cha chai cha hamira kavu kama cha maandazi, saa tatu baadaye donge limekwisha nguvu.

Kipimo kinachofanya kazi hapa kwa hamira kavu ya punje ndogo ni kama gramu 0.4 kwa kilo 1.7 ya unga, kwa saa 8. Mizani ya kawaida haipimi hivyo, kwa hiyo yeyusha gramu 1 ya hamira kwenye mililita 100 za maji, koroga, chukua mililita 40, uzihesabu ndani ya ile lita yako. Chumvi iende gramu 55 badala ya 45, inaishika hamira mkono. Maji yawe baridi. Hesabu yake: unataka donge litoke na nyuzi 25, zidisha mara tatu upate 75, toa joto la unga 30, toa joto la chumba 30, toa 3 za msuguano wa kukanda kwa mkono, unabaki na 12. Maji ya nyuzi 12, yaani ya friji yaliyoongezwa ya bomba kidogo. Mashine ya kukandia inaongeza joto zaidi, kwa hiyo maji yawe baridi zaidi. Jikoni likizidi nyuzi 32, uchachushaji uhamie kwenye friji kwa saa 24, madonge yatolewe saa mbili kabla ya kutandazwa.

Unga uwe wa mkate, wenye protini asilimia 11 hadi 13.5. Wa keki unachanika. Msimu wetu wa mvua, Desemba hadi Aprili, unga uliokaa stoo wazi unakuwa umevuta unyevu, hivyo shika mkononi mililita 30 hadi 40 za maji mpaka uone donge linadai.

Mezani utayaona yote haya kwenye ukingo. Upasue kwa mikono. Ndani kuwe na vyumba vya hewa vikubwa na vidogo vilivyochanganyika, na ukiubonyeza urudi juu. Ukingo bapa, mweupe usioshika rangi hata kwenye tanuri kali, wenye harufu ya pombe au uchachu wa togwa iliyopitiliza: donge lilichachuka mno, hamira imekula sukari yote ya unga na hakuna kilichobaki cha kushika rangi. Donge hilo pia huwa na matundu katikati, mpishi hulitia viraka. Ukingo mzito, ndani umebana, una mapovu makubwa mawili matatu yaliyoungua huku kwingine kumelala: donge halikufika muda wake. 

Kitu kingine, tazama anavyotandaza. Donge la Napoli hutandazwa kwa vidole kutoka katikati kwenda nje, hewa ikisukumwa ukingoni. Kikibandikwa kijiti cha chapati juu yake, hewa yote imetoka na ukingo hautavimba hata kwa kuni za aina gani. Ustadi huo wa wapishi wa Napoli uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na unaonekana wazi mkahawa ukiwa na meza ya kazi mbele ya wateja. Kaeni upande huo.

Mitwero_Lindi

Samahani kuingilia. Huku Lindi kuna tanuri la gesi tu, piza inakaa dakika nne. Hiyo inaweza kuitwa ya Napoli?

Fundi_Tanuri

Gesi si tatizo, chama chenyewe siku hizi kinakubali matanuri ya gesi na umeme yaliyopimwa. Dakika nne ndizo tatizo. Maana yake joto ni kama nyuzi 300 au 320, na unga usio na mafuta ukikaa hapo muda huo unakauka kama biskuti kabla haujapata rangi. Mpishi wa tanuri hilo aongeze maji yafike asilimia 65 ya uzito wa unga, atie mafuta asilimia 2 na sukari asilimia 1, donge liwe gramu 280. Itakuwa piza nzuri ya aina yake. Wewe mlaji iulize chini yake ina rangi na ukingo wake una hewa, basi.

Bi_Ligula

Niongeze la korosho kabla sijasahau, maana watu wanaligeuza vibaya. Mkahawa ukiwa na mchuzi wa mrehani na korosho, hiyo ni ndoa nzuri sana ya kwetu: majani ya mrehani gramu 30, korosho zilizobanguliwa na kukaangwa kidogo gramu 25, mafuta ya zeituni mililita 60, kitunguu saumu nusu punje, chumvi, vinatwangwa kwenye kinu kidogo. Lakini uwekwe piza ikishatoka. Korosho na majani mabichi hayahimili kuba la nyuzi 485, yanakuwa meusi na machungu. Mkiona umeingia motoni, ombeni mwingine uje kwenye kibakuli. Majani ya mrehani ya Margherita yenyewe yanaweza kuingia motoni yakiwa yamefichwa chini ya jibini au yamepakwa mafuta.

Bajaji_Mikindani

Hakuna aliyemjibu ndugu juu ya ile ya kupelekwa. Kutoka mjini mpaka Mikindani ni kama kilomita 10, weka dakika 20 pamoja na kusimama. Piza ya Napoli haikutengenezwa kwa safari hiyo, ila inaweza kufika ikiwa na heshima yake ukiipanga.

Agiza Marinara, au Margherita yenye gramu 60 za jibini. Ya kamba na pweza isisafiri. Omba iokwe sekunde 15 zaidi, isikatwe, na ikitoka ikae kwenye wavu wa chuma dakika mbili kabla ya kuingia boksi. Mvuke wa dakika hizo mbili ndio ambao ungelowesha kila kitu. Boksi lifunguliwe matundu ya pembeni, au kifuniko kiachwe wazi kidogo kwa kukunja pembe moja. Lisafiri bapa: kwenye bajaji juu ya kiti, kwenye bodaboda ndani ya begi pana la mgongoni la chakula, kamwe lisisimamishwe katikati ya dereva na usukani. Boksi lisifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Ikifika, mpokeaji asitumie maikrowevu, inageuza ukingo kuwa mpira. Achukue kikaango kizito cha chapati, akipashe moto wa kati bila mafuta, alaze piza nzima au nusu yake dakika mbili mpaka chini ianze kulia. Kisha adondoshe matone machache ya maji pembeni ya kikaango, afunike sekunde 30 hadi 40 jibini ilegee, na aiondoe mara moja. Isiyoliwa isikae mezani zaidi ya saa mbili kwa joto la huku, na jikoni likizidi nyuzi 32 iwe saa moja. Iingie friji bila boksi, vipande vimetenganishwa kwa karatasi, iliwe kesho yake kwa kikaango hicho hicho.

Mkazi_Shangani

Nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimeshaweka meza ya karibu na tanuri saa moja na nusu usiku, mbili kwanza na mbili tukiita, Marinara moja ya wazee sekunde za ziada. Jumamosi hiyo itaangukia karibu na mwezi mpevu, kwa hiyo pweza nitamuulizia, juu ya Marinara na ndimu pembeni. Ya Mikindani nitaiagiza mwisho, tukiwa tunanyanyuka.